Ukweli wa Muuzaji na Bei ya Besi Adimu

Bei ya chombo cha muziki kilichotumika, hasa kile ambacho hakipatikani kwa urahisi, haitokani na mbao, nyaya na sumaku zake pekee, bali hutokana pia na maneno ya anayekiuza: kilitengenezwa mwaka gani, kipi ndani yake kimebadilishwa, kiliwahi kuvunjika wapi, na kilimfikiaje yeye. Sehemu kubwa ya maneno hayo mnunuzi hana namna ya kuyahakiki akiwa amesimama sebuleni mwa mwenye mali, na kwa sababu hiyo fedha anayoitoa hulipia chombo na papo hapo hulipia imani yake kwa mtu asiyemjua. Hoja ya makala haya ni kwamba muuzaji wa chombo cha namna hiyo anadaiwa ukweli wote anaoujua, pamoja na ule ambao hakuulizwa, na kwamba deni hilo halipunguzwi na ukongwe wa chombo wala na hamu ya mnunuzi. Mfano utakaotumika ni wa gitaa la besi la umeme lenye tumbo nusu-wazi, chombo ambacho wapigaji wengi wa besi wamekiona pichani bila kuwahi kukishika mkononi.

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne nene zinazopangwa kwa sauti za E, A, D na G, oktavu moja chini ya nyuzi nne nene za gitaa la solo. Mpangilio huo umerithiwa kutoka kwa besi kubwa ya kusimama, ile ambayo wapenzi wa taarabu asilia ya Unguja wameizoea katika vikundi vyao. Mwaka 1951 Leo Fender wa California alitoa sokoni Precision Bass, besi ya umeme iliyochongwa katika ubao mzima usio na uwazi ndani, na mwaka 1956 kampuni ya Höfner ya Ujerumani ikatoa besi yenye umbo la fidla na tumbo tupu kabisa. Tumbo tupu hutoa sauti ya joto na yenye pumzi, lakini chombo kikipigwa karibu na spika zenye nguvu, sauti inayotoka katika spika hulitikisa tumbo, mtikisiko huo hunaswa upya na sumaku, hurudi katika spika ukiwa mkubwa zaidi, na mzunguko huo huzaa uvumo ambao kila fundi mitambo wa jukwaani anaujua na kuuogopa. Ubao mzima huepuka balaa hilo, ila huipoteza ile pumzi.

Njia ya kati ilipatikana Kalamazoo, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ambako kampuni ya Gibson, wakati huo ikiongozwa na Ted McCarty, ilitoa mwaka 1958 gitaa la ES-335 na, sambamba nalo, besi iliyoitwa EB-2. Vyombo hivyo viwili vilikuwa na tumbo jembamba lenye upana wa sentimita 40 hivi, lililoundwa kwa mbao za mepo zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka, na katikati yake kilipitishwa kipande kizima cha ubao, hivi kwamba uwazi ulibaki katika mbavu mbili tu. Kipande hicho ndicho kinacholifanya tumbo liitwe nusu-wazi, na kazi yake ni kulishikilia daraja la nyuzi na kuutuliza mtikisiko, huku zile mbavu zikibaki huru kuipa sauti upole wake. EB-2 ya mwanzo ilikuwa na kinasa sauti kimoja kikubwa, yaani kifaa cha sumaku na waya uliozungushwa ambacho hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme, nacho kiliwekwa karibu kabisa na shina la shingo, mahali ambapo uzi hucheza kwa upana zaidi. Urefu wa uzi wake unaopigwa ulikuwa sentimita 77 na ushei, wakati wa Fender ni zaidi ya 86. Mambo hayo kwa pamoja yaliipa sauti nzito, ya mviringo, yenye ncha chache, inayoujaza wimbo kutoka chini bila kugombana na mwimbaji wala solo.

Besi hiyo ilipata ndugu. Epiphone, kampuni iliyonunuliwa mwaka 1957 na wenye Gibson, ilitoa mwaka 1959 besi ya Rivoli, ambayo kwa umbo na kwa matumbo yake ilikuwa EB-2 yenye jina jingine, na ambayo ilipendwa sana na vikundi vya Uingereza vya miaka ya 1960. Paul Samwell-Smith wa Yardbirds alikuwa mmoja wa walioipiga. Kampuni ya Guild, nayo ya Marekani, ikafuata mwaka 1965 na Starfire Bass, iliyotumia kinasa sauti cha Hagström kutoka Sweden. Starfire ilikwenda kupata sifa San Francisco mikononi mwa Jack Casady wa Jefferson Airplane na Phil Lesh wa Grateful Dead, wapigaji wawili walioitoa besi nyuma ya ngoma na kuifanya isikike kama sauti inayojitegemea.

Uadimu wa vyombo hivi unahitaji kuelezwa kwa uangalifu, kwa sababu hapo ndipo wauzaji wengi wanapoanza kuteleza. Besi ya tumbo nusu-wazi haikuwa adimu kwa sababu ilitengenezwa kwa ajili ya wachache walioteuliwa; ilikuwa adimu kwa sababu wapigaji wengi waliichagua Fender, iliyokuwa rahisi kutengeneza, ngumu kuvunjika na yenye sauti iliyopenya vizuri katika rekodi. Gibson waliacha kuitengeneza EB-2 mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakairudisha mwaka 1964, kisha wakaiacha tena mwanzoni mwa miaka ya 1970. Uadimu, kwa hiyo, ni habari ya soko la wakati uliopita, na hausemi lolote kuhusu sauti itakayotoka mnunuzi atakapochomeka waya katika amplifaya yake. Muuzaji anayemwambia kijana kwamba chombo ni bora kwa kuwa ni adimu anachanganya mambo mawili yasiyohusiana, na mara nyingi anajua kwamba anayachanganya.

Kuna namna ya kukisoma chombo cha zamani, na anayekusudia kukiuza anapaswa kuijua au kumtafuta fundi anayeijua. Katika vyombo vya Gibson vya kati ya 1963 na 1969, namba ya utambulisho iliyogongwa nyuma ya kichwa cha gitaa haitoshi kuthibitisha mwaka, kwa kuwa kiwanda kilizirudia namba zilezile katika miaka tofauti, hata namba moja ikaweza kuwa ya chombo cha 1964 na cha 1967. Ushahidi bora hupatikana ndani, chini ya vifundo vya kuongezea na kupunguzia sauti. Kifaa kinachozungushwa na kila kifundo hubeba tarakimu zilizogongwa na kiwanda kilichokitengeneza. Tarakimu 1376612, kwa mfano, zinaonyesha kwamba kifaa kilitoka kwa kampuni ya CTS, ambayo alama yake ni 137, katika juma la 12 la mwaka 1966. Hata hapo hitimisho liwe la kiasi, kwa maana kifaa huweza kukaa ghalani miezi mingi kabla ya kufungwa, na tarakimu hizo huthibitisha tu kwamba chombo si cha kabla ya tarehe hiyo, tena ikiwa risasi iliyolehemea nyaya zake haijawahi kuguswa. Maneno ya kutaja kwamba chombo kimetengenezwa Marekani, yaliyogongwa nyuma ya kichwa, kwa Gibson ni dalili ya miaka ya kuanzia 1970, kwa hiyo anayeyaona na bado akatangaza kwamba besi yake ni ya 1965 ana maelezo ya kutoa.

Baada ya umri huja majeraha. Shingo za besi hizi ni za mahogani, na kichwa chake kimeinama nyuma kwa pembe, ilhali nyuma tu ya kizingiti cha nyuzi mbao imechimbwa kupitisha chuma cha kunyooshea shingo. Mahali hapo ni pembamba, na chombo kikianguka chali kutoka katika kiegemeo chake, hapo ndipo panapopasuka. Fundi mzuri huweza kupaunganisha kwa gundi hata pakabeba mvuto wa nyuzi kwa miaka mingi, na mpigaji asihisi tofauti yoyote, lakini bei ya chombo hushuka sana, na rangi mpya iliyopakwa ili kuuficha mpasuko hugeuza ajali kuwa udanganyifu. Kadhalika chombo kilichokwanguliwa vanishi yake ya awali na kupakwa upya, hata kama kinang'aa kuliko kilipotoka kiwandani, hukadiriwa na wafanyabiashara wengi wa vyombo vya zamani kuwa na takriban nusu ya thamani ya kile kilichobaki na vanishi yake iliyofifia na kupasukapasuka. Kinasa sauti kilichozungushwa waya upya, funguo za kukazia nyuzi zilizobadilishwa, tundu lililotobolewa kwa ajili ya swichi ya ziada kisha likazibwa, vyote hivyo ni mambo ambayo mgeni hawezi kuyaona kwa taa ya sebuleni, lakini mwenye chombo anayajua kama anavyoyajua makovu ya mwili wake mwenyewe.

Sheria haimlindi mnunuzi huyo kwa kiasi ambacho wengi hudhani. Sheria ya mauzo ya bidhaa ya Uingereza ya mwaka 1893, ambayo ndiyo mama wa sheria za mauzo za Kenya na Tanzania, iliweka msingi kwamba mnunuzi ajihadhari mwenyewe, na ulinzi wake kuhusu ubora wa bidhaa unawahusu hasa wanaouza kama kazi yao. Mtu binafsi anayeuza gitaa lake moja hubanwa zaidi na maelezo aliyoyatoa: akisema ni la 1966 liwe la 1966, ila asiposema kitu kuhusu mpasuko wa shingo, mara nyingi sheria nayo hukaa kimya. Sheria ya Kiislamu, ambayo imeongoza masoko ya pwani ya Afrika Mashariki kwa karne nyingi, inachukua msimamo mkali zaidi. Wanazuoni wake wanampa mnunuzi hiari ya kasoro, yaani haki ya kukirudisha kitu anapogundua ila iliyokuwamo kabla ya mauzo na ambayo hakuonyeshwa, na kuinyamazia ila hiyo wanakuhesabu kuwa ghushi. Mapokeo yanamtaja Mtume Muhammad akiingiza mkono katika lundo la nafaka sokoni na kukuta ndani limelowa, akamuuliza mwenyewe kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu ili watu waione.

Katika suala hili msimamo wa pili ndio wenye haki, na sababu yake inaonekana wazi katika chombo chenyewe. Nafaka iliyolowa hugunduliwa siku ileile au ya pili. Shingo iliyogundishwa na kupakwa rangi huweza kugunduliwa baada ya miaka kumi, mnunuzi naye akiwa anataka kuuza, na wakati huo aibu humwangukia yeye ambaye hakufanya kosa, kwa sababu anauza kwa maneno aliyoyapokea kwa nia njema. Uongo juu ya chombo cha muziki haufi na mauzo ya kwanza. Husafiri nacho kutoka mkono hadi mkono, na kila anayeurudia huupa uzito zaidi. Ndiyo maana kumwachia mnunuzi peke yake jukumu la kujihadhari ni kuwaonea watu ambao hawajafika hata sokoni.

Haifai, hata hivyo, kuuchukua uhalisi wa chombo kama kipimo pekee cha heshima yake. Starfire za Casady na Lesh hazikubaki kama zilivyotoka kiwandani. Watu waliokuja kuunda kampuni ya Alembic, iliyoanzishwa mwaka 1969, Ron Wickersham akiwa miongoni mwao, walizifungua, wakaziwekea saketi za kuongeza nguvu ya mawimbi ndani ya tumbo, wakabadilisha vifundo na vinasa sauti. Kwa kipimo cha mkusanyaji wa leo, ambaye hukagua hata skrubu, hizo zilikuwa besi zilizoharibiwa; kwa historia ya muziki, mabadiliko hayo yalifungua njia ya besi zenye saketi hai, zile zinazotumia betri, ambazo leo zinapatikana katika karibu kila duka la vyombo. Chombo kilichobadilishwa na mtu aliyehitaji sauti fulani kina heshima yake, na muuzaji hana sababu ya kuyaonea haya mabadiliko hayo wala kuyaficha. Ayataje tu, aseme yalifanywa na nani na kwa nini, na kama sehemu za awali zipo azitoe pamoja na chombo.

Swali la nani ana haki ya kuuza lina uzito wa pekee kwa wasomaji wa Afrika Mashariki. Katika muziki wa dansi wa Tanzania, wapigaji wengi hawakumiliki magitaa waliyoyapiga. Vyombo vilikuwa vya taasisi, kama ilivyokuwa kwa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, au vilikuwa vya mtu binafsi aliyejulikana kama mwenye vyombo, na mwanamuziki aliyehama bendi alitoka mikono mitupu hata kama alikuwa amelipigia gitaa hilohilo nyimbo zilizoijenga bendi. Mpigaji wa namna hiyo hakuwa na cha kuuza uzeeni. Kwa upande mwingine, vyombo vingi duniani vimeuzwa na watu wasiokuwa na haki navyo. Besi ya Höfner ambayo Paul McCartney aliinunua Hamburg mwaka 1961 iliibwa London mwaka 1972, na habari kwamba imerudi kwake ilitangazwa Februari 2024, baada ya zaidi ya miaka 50. Karatasi ndogo ya kuonyesha chombo kilinunuliwa wapi na kwa nani humwokoa mnunuzi na mashaka hayo, nayo humgharimu muuzaji dakika chache tu.

Mauzo yakivuka mpaka, mbao nazo huuliza maswali. Ubao wa vidole, yaani ile bapa ya juu ya shingo ambayo nyuzi hubanwa juu yake, katika besi nyingi za Gibson za mwishoni mwa miaka ya 1950 na miaka iliyofuata ulitokana na rozwudi ya Brazili, mti wa ukoo wa Dalbergia. Mti huo uliingizwa mwaka 1992 katika orodha kali kuliko zote ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini kutoweka, na chombo kilichoubeba hakivushwi mpaka kwa kuuzwa bila kibali. Mpingo wa Tanzania na Msumbiji, unaochongwa vinyago na kutengenezwa klarineti na zumari za okestra, ni wa ukoo huohuo, na mwaka 2017 ukoo wote uliwekwa chini ya uangalizi wa mkataba, ingawa kuanzia mwisho wa 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika viliondolewa masharti hayo, isipokuwa vile vya rozwudi ya Brazili. Muuzaji anayejua kwamba besi yake ina mbao hiyo na akampeleka mnunuzi wa ng'ambo mbele ya maofisa wa forodha bila kumweleza, amemtia hasarani kwa makusudi.

Inabaki sababu ya kuuza, na juu ya hilo hukumu ya makala haya ni nyepesi kuliko ya wapenzi wengi wa vyombo vya zamani, ambao humwona anayeuza kama msaliti. Chas Chandler, mpiga besi wa kikundi cha Animals cha Newcastle, ni miongoni mwa wale waliopiga besi za jamii hii ya Gibson na Epiphone. Mwaka 1966 alimkuta Jimi Hendrix akipiga katika klabu moja mjini New York, akamleta London mwezi Septemba mwaka huohuo, na akawa meneja wake. Fedha zilikuwa chache, na Chandler mwenyewe alisimulia baadaye kwamba aliuza magitaa yake ya besi ili kugharimia kumtambulisha Hendrix kwa watu wa London. Besi alizoziuza zilikuwa mali nzuri, lakini alikuwa amekwisha kuona kwamba kazi yake mpya ilikuwa ya kumfanya mtu mwingine asikike, na mtu mwenye kazi hiyo hahitaji magitaa ukutani. Kuuza kwa namna hiyo hakuna hasara ndani yake.

Wala hasara haipo pale chombo kinapomfikia anayekihitaji kwa kukipiga. Casady, katikati ya miaka ya 1980, alikutana dukani na besi iliyotumika ya Gibson iitwayo Les Paul Signature, chombo cha tumbo lenye uwazi kilichotengenezwa kwa idadi ndogo katika miaka ya 1970 na ambacho soko lilikuwa limekipuuza. Alikipiga, akakipenda, akawatafuta watengenezaji, na kutokana na hilo mwaka 1997 Epiphone ilitoa besi yenye jina lake, ambayo wapigaji wa kipato cha kawaida wameweza kuinunua. Kama besi ile ya dukani ingekuwa imefungiwa kabatini na mtu anayesubiri bei ipande, chombo hicho kipya kisingalikuwapo. Kati ya mkusanyaji anayetoa fedha nyingi na mpigaji anayetoa fedha za kutosha, muuzaji mwenye uwezo wa kuchagua anafanya vyema kumchagua mpigaji, akikubali kwamba tofauti ya bei ni mchango wake katika muziki ambao hatausikia.

Kwa hiyo msomaji aliye na besi ya namna hii nyumbani, au gitaa lolote la zamani aliloachiwa na mzee wake, asingoje siku ya shida ndipo aanze kukumbuka. Alifungue sasa akiwa na fundi, anakili tarakimu za ndani, aandike lilinunuliwa wapi, lilianguka lini, nani alilitengeneza na ni kipi kilichobadilishwa, kisha aiweke karatasi hiyo ndani ya sanduku la gitaa na aiache humo, ili yeyote atakayelinunua, kwake au kwa watoto wake, alipokee pamoja na habari zake zote.